Makala Mbili kutoka Lubumbashi

Sekela alianza kushughulika na maneno mapema. Kwao Tukuyu baba yake alikuwa mwinjilisti wa Moravian, na kila Jumamosi mchana alimkalisha binti yake kibarazani amsomee kwa sauti mahubiri ya kesho yake. Popote ulimi wa mtoto ulipojikwaa, mzee alijua sentensi ile imezidi urefu, akaikata. Sekela akakua akiamini kwamba maneno ni kama migomba, ukiyasonganisha hayazai.

Imani hiyo ndiyo iliyompa riziki Dar es Salaam. Alipomaliza kidato cha sita alifikia kwa shangazi yake Kinondoni, akapata kazi ya usahihishaji katika gazeti moja la Kiswahili, na kwa miaka mingi kazi yake ikawa kufuta maneno ya wengine. Waandishi walimwogopa kidogo na kumpenda sana. Gazeti lilipofungwa, wenzake walikimbilia redioni na mitandaoni. Yeye aliajiriwa ukatibu katika taasisi moja ya utafiti pale Mwenge, na kwa kuwa hakuna barua iliyotoka bila kupita mikononi mwake, polepole wakamfanya mratibu.

Taasisi hiyo ilikuwa katika nyumba ya zamani yenye ua mpana, nyuma ya soko la vinyago, kiasi kwamba wataalamu waliandika kutwa nzima huku wakisikia nyundo za wachongaji. Kazi yao ilikuwa kutafiti mambo yanayowagusa watu wengi, hali ya hewa, maji, nishati, makazi, kisha kuishauri serikali na yeyote aliye tayari kushauriwa. Venance, mumewe Sekela, alikuwa na namna yake ya kuieleza. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Chang'ombe, mtu wa Masasi, mcheshi, ambaye kazi yake mtu aliweza kuigonga kwa ngumi akathibitisha kwamba ipo. Akimkuta mkewe amerudi hoi jioni, humwuliza kwa upole mkubwa:

"Mama Gladness, leo mmefikiri nini?"

Na Sekela, akivua viatu, humjibu kwamba leo wamefikiri mkaa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwaka mzima. Taasisi nne zilikuwa zimeungana kufanya utafiti mmoja: ile ya Mwenge, moja ya Mombasa, moja ya Bujumbura na moja ya Lubumbashi. Wakurugenzi wake waliona kwamba misitu inayokatwa kwa ajili ya mkaa haijui mpaka wa nchi, wala kifua cha mama anayepuliza moto hakiulizi pasipoti, na kwamba kwenye mikutano mikubwa ya mazingira duniani sauti ya taasisi moja ndogo hupotea kama ya mtu anayeita basi lililokwisha kuondoka. Sauti nne kwa pamoja huenda zikasikika. Basi wakakubaliana kuandika ripoti moja kuhusu mkaa: nani anauchoma, nani anauuza, nani anaupikia, na hao wote wataishije siku utakapokoma. Mkutano mkubwa ulikuwa mwishoni mwa mwaka.

Tatizo ni kwamba taasisi mbili ziliandika kwa Kiingereza na mbili kwa Kifaransa. Kila barua ilijibiwa kwa adabu, na kila jibu lilionyesha wazi kwamba barua haikusomwa. Kompyuta ilitafsiri kila kitu, na ilichokitafsiri hakuna aliyekipenda. Mbaya zaidi, takwimu za miji minne zilikataa katakata kukaa pamoja. Dokta Adelard, mkurugenzi wa Mwenge, alizipanga na kuzipangua mpaka akaanza kuota majedwali.

Sekela ndiye aliyesema lililokuwa mbele ya macho ya wote. Miji yote minne inaongea Kiswahili. Kwa nini basi wasiandikiane Kiswahili?

Dokta Adelard hakufurahi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtaratibu, aliyesoma Ulaya na kurudi na mapenzi ya dhati kwa takwimu na chai isiyo na sukari. Ila aliamini kwamba Kiswahili ni cha kuongea na watu, na Kiingereza ni cha kuandikia mambo. Walivutana wiki nzima. Mwishowe akakubali jambo moja tu, kwamba mwaliko wa mkutano wao wa pamoja, utakaofanyika Mwenge, uandikwe kwa Kiswahili, na mkutano wenyewe uendeshwe hivyo. Ikiharibika, akasema, tunarudi tulikotoka na suala hili halitazungumzwa tena.

Sekela akaandika mwaliko ule kama mtu anayepika kwa ajili ya wakwe. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi moja ndefu kuhusu maandiko ya kitaalamu yanayoeleza hali ya matumizi ya nishati ya mkaa katika maeneo ya mijini na vijijini. Akaisoma kwa sauti, ulimi ukajikwaa. Akaikata. Ikabaki hivi: "Kila taasisi ije na makala mbili za utafiti wetu, moja ya mjini na moja ya kijijini." Akaitazama akaridhika. Baba yake angeipitisha.

Asubuhi ya mkutano Sekela alikuwa nyumbani kwake Kinyerezi anajiandaa. Chai ilikuwa kwenye jiko la gesi. Maharage ya mchana yalikuwa nje, kwenye mkaa, maana yeye pia, pamoja na kufikiri mkaa mwaka mzima, hakuwa amepata ujasiri wa kuchemsha maharage kwa gesi. Kutoka pale uani ungeona mabomba ya mitambo ya umeme juu ya paa za majirani. Umeme wa nusu ya mji ulitengenezwa mbele ya macho yao kwa gesi, na mtaa mzima uliivisha maharage kwa mkaa. Sekela alikuwa ameshaliandika hilo kwenye makala yake.

Simu ikaita, namba asiyoijua. Mwanamke aliyejitambulisha kuwa afisa wa geti la ukaguzi wa mazao ya misitu, njia ya kuingilia mjini, alimwuliza kama yeye ndiye Sekela wa Taasisi. Akasema wana mgeni wake pale, ameshushwa kwenye basi la kutoka Tunduma, mtu mstaarabu, ila amebeba viroba viwili vya mkaa.

"Anasema umemwagiza makala," akasema yule afisa. "Mie nikimwangalia namwona na mkaa. Nimeona nikupigie."

Sekela akasimama na simu mkononi, na sentensi aliyoipenda ikamrudia kichwani neno kwa neno. Aliwahi kusikia, zamani sana, kwamba Kongo mkaa wanauita makala. Alikuwa amelisikia kama mtu anavyosikia habari za mvua za nchi nyingine. Na sasa alimwona yule mtu wa Lubumbashi akiusoma mwaliko wake: kila taasisi ije na makala mbili za utafiti wetu, moja ya mjini na moja ya kijijini. Utafiti wenyewe ni wa mkaa. Ni nani angeelewa vinginevyo? Mtu amevuka nchi mbili na mizigo ile kwa sababu ya sentensi yake fupi na nzuri.

Alimweleza Venance, aliyekuwa anafunga kamba za viatu. Venance alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama tena kwenye viatu vyake kwa muda mrefu kuliko kamba zilivyohitaji, mabega yanatikisika.

"Usicheke," Sekela akasema.

"Sicheki. Nafikiri," akajibu Venance, na akaenda kuwasha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo cha karakana.

Wakakatisha Malamba Mawili, wakatokea Mbezi, wakaishika barabara kuu kuelekea nje ya mji huku magari mengine yote yakiingia. Njiani Sekela alihesabu hasara zake. Mkutano ungeanza bila yeye. Dokta Adelard angejua. Na mtu wa Lubumbashi angejua kwamba amebebeshwa mkaa bure, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Walimkuta ameketi kwenye benchi chini ya bati la kivuli, kiroba kimoja kila upande, kama mzazi aliyesafiri na watoto wawili watulivu. Aliitwa Banza. Alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, suti ya kijivu, viatu vinang'aa kana kwamba safari yote ile ilikuwa ya mtaa wa pili. Viroba vilishonwa vizuri na kufungwa kadi zenye mihuri, na pembeni afisa alikuwa na barua ya Lubumbashi iliyosema kwamba hizi ni sampuli za utafiti, zipite. Zilikuwa zimepita kweli mipaka yote. Afisa alitaka tu mwenyeji athibitishe kwamba utafiti huo upo.

Banza alisimama, akampa Sekela mikono yote miwili.

"Jambo, mama. Aksanti ya kukuya," akasema. "Makala iko yote mbili. Hii ya muji, hii ya mugini. Niliichagua mie mwenyewe."

Alisema hivyo kwa fahari ya mtu aliyetimiza neno, na Sekela, aliyekuwa ameshaandaa maelezo yake yote, akajikuta anasema ahsante sana, karibu, pole na safari. Akatia sahihi panapohitajika. Afisa naye akauliza huo utafiti unahusu nini hasa, na alipoambiwa, akasema matokeo yakitoka wamletee hata nakala moja, maana yeye kazi yake ni mkaa kila siku na hajawahi kuulizwa neno. Sekela akaahidi.

Kirikuu kina viti viwili mbele. Venance alitaka wabanane, lakini Sekela akasema mgeni amechoka, akae vizuri, yeye atapanda nyuma. Hakuwa anafanya ukarimu. Alihitaji muda wa kufikiri mahali ambapo hatazamwi usoni. Akatandika kitenge, akaketi kati ya viroba, na hivyo ndivyo mratibu wa taasisi ya Mwenge alivyoingia mjini, upepo unampeperushia kitambaa cha kichwa, vumbi jeusi linamwingia kwenye mikunjo ya gauni jeupe lililopigwa pasi. Mbele alisikia Venance na Banza wanacheka. Nusu ya maneno hawakuelewana na haikuwazuia.

Alijiuliza kama inawezekana kutosema. Angeweza kunong'ona na Dokta Adelard, wakavipokea viroba kama kitu walichokitarajia, na Banza akarudi kwao bila kujua. Ingekuwa huruma, aliwaza, na pia ingekuwa njia nzuri ya kuokoa Kiswahili chake. Walipofika Ubungo alikuwa ameshaona kwamba sababu zile mbili zimeshikana mno, na hakuiamini huruma yake tena.

Mwenge wageni wengine walikuwa wameshakunywa chai. Kutoka Mombasa alikuja Naima, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtangazaji, ambaye ndani ya nusu saa alikuwa ameshawarekebisha Kiswahili watu wote mezani, kwa mapenzi, kama mtu anayewaondolea wenzake nyuzi kwenye nguo. Kutoka Bujumbura alikuja Bwana Marijani, mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa huko, mzee mnene mtulivu mwenye kofia ya kufuma. Kila mmoja alikuwa na makala zake mbili mezani, zimechapwa na kubanwa.

Sekela alimwamkia Bwana Marijani, akamkumbatia Naima kwa mbali asimchafue, akaketi. Dokta Adelard aliitazama ile nguo, akaamua kutouliza. Akafungua kikao, akawashukuru kwa makala, akamgeukia mgeni wa mwisho na kusema ana hakika Bwana Banza naye amekuja na zake.

"Iko inje," Banza akasema.

Wote wakatazama dirishani. Venance alikuwa anashusha kiroba cha pili, anakisimamisha karibu na cha kwanza katikati ya ua, kwa uangalifu, kadi zikitazama mbele.

Sekela akasimama kabla hajapoa moyo. Alisema kosa ni lake. Aliandika neno moja akidhani lina maana moja. Hakuuliza mtu wa Lubumbashi wala wa Bujumbura. Kisha akamgeukia Banza, akamwambia kwamba hapa Tanzania makala ni maandishi, kama haya yaliyo mezani, na kwamba anamwomba radhi kwa kila kilomita.

Banza alitazama makaratasi ya wenzake. Akatazama viroba vyake uani. Uso wake ulipita mahali pagumu, wote wakaona. Wa kwanza kutoa sauti alikuwa Bwana Marijani. Kilianza kicheko tumboni, akajitahidi kukizuia kwa kitambaa, kikamshinda. Aliomba msamaha, akaeleza kwamba hata kwao, kwa Kirundi, mkaa ni makara, na aliposoma mwaliko alikuwa ameshamtuma mtu sokoni. Kilichomwokoa ni mwenzake wa ofisini aliyekulia Kigoma, ambaye alisoma barua akamwambia, mzee, hawa wanataka karatasi.

Banza naye akaanza kucheka, akaketi, akatikisa kichwa, akafuta macho.

Dokta Adelard hakucheka. Alingoja watulie, kisha akasema kwa upole, bila kumtazama Sekela, kwamba hii ndiyo hatari aliyoihofia. Lugha moja inadanganya. Ukisikia lugha ngeni unakuwa makini, ukisikia yako unalala. Kwa mambo ya kitaalamu, akasema, pengine ni salama zaidi warudi kwenye Kiingereza, na wageni wa Kifaransa watafutiwe mkalimani kuanzia kesho.

Alichokisema Dokta kilikuwa na ukweli ndani yake, na Sekela mwenyewe ndiye aliyekuwa mfano. Aliyejibu ni Banza.

"Dokta," akasema, "barua za Kingereza mulinitumiaka mwaka muzima. Sikusoma hata moja mpaka mwisho. Hii ya mama nilisoma yote, na ile niliisomaka, nikaifanya. Nilikosea, lakini nilifanya."

Dokta Adelard aligeuza kalamu yake upande huu na upande huu.

"Naam," akasema hatimaye. "Angalau yupo aliyetekeleza."

Akavua koti, akaenda ubaoni, akasema basi kabla ya kusoma chochote wakubaliane maneno. Kama makala imewapeleka mpaka geti la misitu, huenda kuna mengine yaliyojificha. Akaandika mkaa. Naima akasema Mombasa ni makaa, Bujumbura wakatoa lao, Lubumbashi lao. Hilo halikuwa na shida. Akaandika jiko.

Hapo ndipo asubuhi ilipogeuka. Banza akasema wao chombo cha kupikia mkaa wanakiita mbabula. Marijani akasema imbabura. Naima akawashangaa wenzake.

"Kwetu jiko ni chumba," akasema. "Hicho cha kutia makaa twakiita seredani."

Sekela akasema hapa Dar ni vyote viwili, chumba ni jiko na chombo ni jiko, halafu mtu akioa husemwa amepata jiko. Venance, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai alichopewa kwa kazi ya kushusha mizigo, akasema yeye analo moja tu, lipo kikaoni humu, na miaka yote halijawahi kuzima. Naima akacheka mpaka akashika meza.

Lakini Dokta Adelard alikuwa amesimama na chaki hewani. Akauliza polepole dodoso walilotumia lilikuwa na swali gani. Sekela alilijua kwa moyo, kwa kuwa ndiye aliyelisahihisha: nyumba hii ina majiko mangapi ya mkaa? Na Mombasa waliuliza hivyo hivyo? Naima akasema ndiyo, waliulizwa kwa maneno hayo hayo, na kila nyumba ilijibu moja. Jiko moja. Dokta akaifuata kompyuta yake karibu mbio. Kwa mwaka mzima jedwali la Mombasa lilimwonyesha mji unaotumia mkaa kidogo kuliko yote minne, mji wa kupigiwa mfano, na alikuwa ameshaandika kurasa kadhaa kueleza kwa nini. Wale watu walikuwa wamehesabu vyumba.

Naima alijishika kichwa. Akakiri kwamba mama yake mwenyewe ana seredani mbili na anazitumia zote, na alipoona yale matokeo alishangaa, ila yaliandikwa kwa Kiingereza na yalikuwa na asilimia, akayaamini.

Dokta Adelard alikuwa anafuta kurasa zake huku anatabasamu, kitu ambacho Sekela hakuwahi kukiona. Majedwali yaliyokuwa yanamtesa usingizini yalianza kusogeleana. Akataka neno jingine, na jingine. Wakamaliza asubuhi yote wamesimama ubaoni, wakibishana kama watu wa sokoni kuhusu nini hasa ni kiroba, debe linajaa wapi, na mtu akisema anapika kwa gesi ana maana ya kila siku au ya chai tu. Katika hilo la mwisho Sekela alilazimika kuwaambia kuhusu maharage yake. Ikaonekana wote wanne wanafanya hivyo hivyo nyumbani, na hakuna dodoso lililowahi kuwauliza.

Mchana mkaa wa Lubumbashi ukafunguliwa. Banza ndiye aliyeomba. Alisema amewabembeleza maafisa wa mipaka yote, hawezi kurudi bila kuuona umewaka. Venance akaleta kutoka Chang'ombe majiko mawili ya bati yaliyokuwa yakingoja mnunuzi. Wakatia mkaa wa mjini katika moja, wa kijijini katika lingine, sufuria za maharage juu, na watafiti wa nchi nne wakakaa kwenye viti vya plastiki kuangalia maharage yapi yataiva kwanza. Wachongaji wa jirani walichungulia ukutani kujua kuna msiba au harusi. Ule wa mjini uliwaka kwa fujo ukaisha. Ule wa kijijini ulikaa kimya, ukaivisha, na bado ulikuwa na moto wakati Bwana Marijani alipotaka kahawa. Banza akaeleza kwamba wa mjini umechomwa haraka na watu wanaokimbizana na malori, miti michanga, tanuri halijatulia. Wa kijijini umechomwa na wazee wanaongoja. Kwa hiyo mama wa mjini ananunua mara mbili na msitu unakatwa mara mbili. Dokta Adelard, mikono ya shati imekunjwa, alama nyeusi kwenye paji la uso, aliandika hayo haraka haraka.

Hivyo ndivyo ripoti ilivyopata moyo wake. Walirudi kwao, wakauliza maswali upya kwa maneno ya kila mji, na miezi iliyofuata barua zilipishana kwa Kiswahili cha aina nne, kila moja ikisomwa mpaka mwisho, nyingine zikisomwa kwa sauti kwa ajili ya kufurahisha ofisi. Sekela aliishika kalamu ya mwisho. Safari hii hakukata tu. Palipohitajika aliongeza, neno la Bujumbura kando ya la Dar, na aligundua kwamba sentensi ikibeba wageni wachache haianguki. Ripoti ilikwenda kwenye mkutano ule mkubwa ikiwa na tafsiri za Kiingereza na Kifaransa, na Dokta Adelard aliporudi alisema watu walisikiliza, wakauliza maswali mazuri, na wawili walitaka kujua seredani ni nini. Haikuwa habari ya kusimamisha dunia. Ila taasisi nyingine mbili, moja ya Kigali na moja ya Moroni, ziliandika zikiomba kujiunga.

Kitu kilichomfurahisha Sekela zaidi kilitokea baadaye, Temeke, katika ofisi ya kata kule Tandika. Taasisi ilikuwa imeamua ripoti isomwe pia kwa watu waliohojiwa, na siku hiyo alikuwa na chumba kilichojaa akina mama, wengi wao wauza mkaa wa rejareja. Aliwaamkia wakubwa, akajitambulisha, akaanza kusoma kwa sauti sura ya kwanza, ile inayoeleza jinsi biashara ya mkaa inavyopungua polepole na nini wauzaji wangeweza kufanya.

Hakumaliza ukurasa. Mama mmoja wa mstari wa mbele, Margareta jina lake, mikono mipana, akanyoosha kidole akasema samahani mwanangu, hapo umekosea. Biashara haipungui polepole, inapungua kwa msimu, mvua zikianza inarudi yote. Mwingine nyuma yake akasema si kweli, labda huko kwako. Wa tatu akauliza hao waliosema wauzaji wahamie kwenye gesi walijua mtungi unauzwa na nani na anayeuza ni mtu wa aina gani. Chumba kikawaka kwa mazungumzo.

Sekela alisimama na ripoti mkononi. Alikumbuka ripoti zote zilizopita mezani kwake Mwenge, zimechapwa vizuri, zimepokelewa kwa shukrani. Hakuna hata moja iliyowahi kukatizwa. Hakuna iliyowahi kueleweka vya kutosha mtu akaibishia kabla ya ukurasa wa pili.

Akavuta kiti, akakiweka karibu na Margareta, akaketi.

"Mama, hebu anza wewe," akasema. "Mvua zikianza inakuwaje?"